Maswali na Majibu: Mzee wa Taharuki kwenye Kiti Kimoja

Toleo lililopita tuliandika kwa kifupi juu ya De Palma, dokumentari ya mwaka 2015 ambamo Brian De Palma, mwongozaji mkongwe wa filamu za taharuki wa Marekani, anapitia kazi zake tangu ujanani. Maswali yaliyotufikia kutoka Mtwara na Lindi ni mengi kuliko kurasa tulizopewa. Yanayofanana tumeyaunganisha, na majina tumeyaacha kando kama wengi wenu mlivyoomba.

Wahariri, shikamooni. Nina kibanda umiza hapa Chikongola. Niliiweka hiyo filamu ya De Palma, wateja wakaanza kutoka mmojammoja: "Mzee anaongea tu, steringi yuko wapi?" Mimi nimeipenda ila siwezi kuwaeleza kwa nini. Kuna maana gani mtu kukaa kwenye kiti mpaka filamu inaisha?
*Mwenye kibanda, Mtwara Mjini*

Marahaba. Wateja wako wamezoea filamu inayoanza kwa risasi, usiwalaumu. Ila kile kiti si uvivu wa watengenezaji. Noah Baumbach na Jake Paltrow, ambao nao ni waongozaji, walimrekodi De Palma mwaka 2010 sebuleni kwa Paltrow, kwa muda wa kama wiki moja, wakatoka na takriban saa 30 za mazungumzo. Hakuna mwingine anayehojiwa. Hakuna mwigizaji wa kuja kusema "ni mtu wa watu, mcheshi, hana makuu", maneno ambayo yameshaua dokumentari nyingi za wasanii wetu. Shati ni lilelile la bluu mwanzo hadi mwisho, hivyo sentensi ya siku ya kwanza inaweza kuungwa na ya siku ya nne na mtazamaji asishtuke.

Utamu uko kwenye picha zinazowekwa juu ya maneno yake. Filamu inafunguka kwa Vertigo ya Alfred Hitchcock, mwongozaji bingwa wa taharuki, ya mwaka 1958, na hapo hapo unajua mzee huyu alinyonya kwa nani. Anapoeleza kwamba baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa na kwamba yeye alizoea kuona damu tangu mdogo, unaelewa kwa nini damu kwenye filamu zake inamwagika bila kuombewa radhi. Na hajipambi. The Bonfire of the Vanities ya 1990 ilianguka vibaya, naye anaizungumzia palepale, bila kununa, kama fundi anayekuonyesha mlango aliokosea vipimo.

Kibiashara, usimweke mzee mahali pa filamu ya mapigano saa mbili usiku. Anza na Scarface ya 1983 au Mission: Impossible ya 1996, wateja wengi wamezitazama mara kumi bila kujua kwamba mwongozaji ni mmoja. Kesho yake ndipo umweke mzee. Kama una DJ wa kutafsiri, mwambie aongee mzee anapoongea, na kipande cha filamu kikiingia afunge mdomo kabisa. Ma-DJ wengi hufanya kinyume chake. Watoto wasiwepo, hata wale wa kuchungulia kwenye matundu ya mabati, maana vipande vina damu na watu walio uchi. Pia nakala uliyopewa kwenye flashi haikupi haki ya kutoza kiingilio. Hilo ni jambo la mwenye filamu na la kibali.

Nafundisha sekondari Nachingwea na tuna klabu ya maigizo. Wanafunzi wakisikia "taharuki" wanaandika mtu kurukiwa na jini gizani. Nawaelezaje tofauti, na zoezi gani linafaa mazingira yetu?
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, mfano mkongwe kuliko yote ni wa Hitchcock, aliomweleza mwongozaji wa Ufaransa François Truffaut katika mazungumzo yao marefu ya mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga na chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, bomu likilipuka anashtuka kwa sekunde 15. Akijua tangu mwanzo kwamba bomu lipo na imebaki robo saa lilipuke, soga ileile ya kipuuzi inamtoa jasho kwa dakika 15. Jini la gizani ni mshtuko. Taharuki ni mtazamaji kujua jambo ambalo mhusika halijui.

De Palma alilichukua somo hilo zima. Kwenye Carrie ya 1976, kabla damu ya nguruwe haijamwagikia binti kwenye sherehe ya shule, kamera imeshakuonyesha ndoo iko wapi, kamba imepita wapi na nani ameishika. Binti anatabasamu, wewe unataka kupiga kelele.

Zoezi la kwenu hili hapa. Mama ameficha ada ya mtoto ndani ya gunia la korosho ili mumewe asiione. Akiwa kisimani, mume anapakia magunia kwenye bodaboda na kuyapeleka ghala la chama cha msingi. Wanafunzi waigawe hivi:

Kwanza, mikono ya mama inasukuma fundo la kanga ndani ya korosho na kushona mdomo wa gunia kwa uzi mwekundu. Sekunde 8, bila muziki. Uzi mwekundu ni muhimu, maana magunia yote yanafanana. Halafu mume anabeba, uzi unaonekana begani kwake, sekunde 4. Foleni ya mzani: picha pana, magunia sita mbele ya lile letu, sekunde 10. Karani anachoma bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, kwenye gunia la kwanza, anatoa korosho, anazitazama, anapitisha. La pili, vilevile. La tatu, anasimama kuongea na mtu habari za bei. Hapo msiwe na haraka; stori hiyo ya bei ndiyo soga ya mezani. Mama anafika nyumbani, anakuta pembe ya chumba tupu. Bambo linaingia gunia la tano. Mama njiani. Bambo linagusa uzi mwekundu.

Makosa ya kawaida ni matatu. Muziki wa kutisha unaanza mapema na kumwambia mtazamaji aogope kabla hajajua anaogopa nini. Gunia linasahaulika kwa dakika nzima, na likirudi mtazamaji hakumbuki ni lipi. La tatu ni mwisho. Kwenye Sabotage ya 1936 Hitchcock aliliacha bomu limuue mtoto ambaye watazamaji wameshampenda, na baadaye alikiri kwamba lilikuwa kosa, kwa sababu watu walitoka wakiwa wamekasirika badala ya kupumua. Karani akizikuta pesa, sawa, ila baada ya hapo lazima kuwe na kitu. Msikate tu kwenda kwenye majina.

Tuko watatu Mikindani. Tuna kamera moja ya lenzi za kubadilisha, simu janja mbili na maiki moja ya kubana shatini. Tunataka kumhoji mzee wetu aliyeongoza maigizo ya jukwaani, kisha filamu za video za kutisha. Umri wake umepita miaka 70. Tupange saa ngapi, tumweke wapi, tujihadhari na nini?
*Vijana watatu, Mikindani*

Saa 30 ziacheni kwa wenye nafasi. Kwa dokumentari ya dakika 40 hadi 50, saa 10 hadi 12 zinatosha, na mzigawe katika vikao vya saa mbili na mapumziko katikati. Anzeni saa 3 asubuhi na mfunge saa 5. Mzee aliyekaa mbele ya taa baada ya saa 6 mchana, kwa joto la pwani, atawajibu kwa "ndiyo" na "ni hivyo hivyo".

Tafuteni mashati mawili yanayofanana, moja likiloa jasho jingine lipo. Bluu, kaki au kijani kilichofifia. Mistari midogo na drafti ndogo hutengeneza mawimbi yanayotembea kwenye picha, na kanzu nyeupe karibu na dirisha huungua, ikabaki doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Akisisitiza kanzu, na ni haki yake, msogezeni mbali na dirisha na mpime mwanga kwa kanzu badala ya uso. Uso mtauinua kidogo kwenye kuediti.

Kiti kiwe cha miguu minne, kisichozunguka wala kulia. Sofa inammeza mtu na kumpandisha shati hadi kidevuni. Kiti kikae mita 1.5 hadi 2 kutoka ukutani, kamera usawa wa macho yake, na anayeuliza akae ubavuni mwa lenzi kabisa, magoti yakikaribia stendi. Mwuliza maswali akikaa mbali, mzee ataonekana anaongea na mtu wa jirani. Dirisha liwe upande mmoja wa uso, upande wa pili simamisheni shuka jeupe umbali wa mita moja lirudishe mwanga kwenye shavu la giza. Umeme ukikatika hamtapoteza kitu. Mkitumia taa, umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, 1/50. Taa za bei rahisi zinaweza kuleta michirizi hata hivyo, kwa hiyo rekodini dakika moja, muitazame kwenye skrini kubwa kabla mzee hajaitwa.

Sauti ndiyo inayoua kazi nyingi, na Mikindani ina mitego yake. Nyumba za zamani za mawe na chokaa ni nene na zinazuia kelele za nje, lakini ndani zinarudisha mwangwi. Tandikeni mikeka, tundikeni mablanketi nyuma ya kamera na simamisheni godoro upande usioonekana. Nyumba ya bati bila dari ikishikwa na mvua, hakuna maiki itakayowaokoa. Kati ya Desemba na Aprili msipange kikao humo bila siku ya akiba. Upepo wa baharini huongezeka jua likipanda, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza asubuhi. Feni zimeni. Friji zimeni pia, na funguo za pikipiki ziwekeni ndani ya friji: hamtaondoka mkasahau kuiwasha na kumharibia mwenye nyumba samaki wake. Ratiba ya adhana mjue. Adhana ikianza, simamisheni kwa heshima, na ikiisha mwombeni aanze upya sentensi yake tangu mwanzo, asiendelee pale alipoachia.

Maiki ibanwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, waya upitie ndani ya shati, na isikae chini ya tasbihi au kitambaa kinachosuguana. Mshale wa sauti uchezee karibu na desibeli -12, usiguse 0 hata akicheka. Simu ya pili iwekwe mezani karibu naye, hali ya ndege, irekodi sauti ya akiba. Kila mnapowasha, mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili sauti mbili zioanishwe baadaye. Kabla ya kufunga kikao, watu wote wanyamaze na mrekodi ukimya wa chumba kwa dakika moja. Mhariri atawaombea dua kwa dakika hiyo, kwa sababu bila ukimya huo kila alipokata pataacha shimo linalosikika.

Simu inayorekodi kwa ubora mkubwa wa 4K katika joto la Machi hujizima yenyewe. Shukeni kwenye 1080, vueni kava, kateni kila dakika 20. Kamera nyingi za zamani za picha mnato nazo husimama zenyewe zikikaribia dakika 30, kwa hiyo mmoja wenu kazi yake iwe kutazama taa nyekundu na si kingine. Kwa 1080, simu hula takriban GB 4 hadi 8 kwa saa. Saa 12 kwa vifaa viwili zinaweza kufika GB 200, na kamera kubwa inaweza kula zaidi ya hapo. Kila jioni nakilini sehemu mbili tofauti, fungueni faili tatu au nne mzisikilize, ndipo mfute kadi. Lenzi zikae kwenye ndoo au kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Mchele msiweke, una vumbi. Mkitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, begi libaki limefungwa nusu saa, la sivyo lenzi itatoa umande.

Sasa maswali yenyewe. "Ulijisikiaje?" itawapa hotuba. Mwekeeni kipande cha filamu yake kwenye kompyuta, akitazame, kisha mwulize: kwa nini kamera uliiweka mlangoni na si dirishani? Nani alishika taa? Umeme ulitoka wapi? Mlilipana nini? Mwambieni kabla kwamba sauti yenu haitasikika, kwa hiyo aanze jibu kwa kutaja anachokizungumzia: "Ile filamu ya kisima tuliipiga usiku…" Akimaliza kujibu, nyamazeni mkihesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mara nyingi jambo zito linakuja baada ya hapo.

Kumkatiza mzee hamwezi, na msijaribu. Kubalianeni naye mapema ishara ya mkono, na anayeuliza awe mkubwa wenu kiumri, aliyeamkia vizuri na aliyekunywa naye chai siku mbili kabla bila kamera.

Kuna picha kwenye filamu za De Palma ambapo uso ulio karibu kabisa unaonekana vizuri na mtu aliye mbali naye anaonekana vizuri, ila katikati kama kuna ukungu. Ni kompyuta? Naweza kufanya kwa kamera ya kawaida?
*Dada mpiga picha za harusi, Kilwa Masoko*

Una jicho, dada. Kompyuta haihusiki. Ni kioo cha nusu duara kinachofungwa mbele ya lenzi, kikifunika nusu moja tu. Nusu yenye kioo inaona karibu, nusu iliyo wazi inaona mbali, na huo ukungu ndipo kingo ya kioo inapopita. Kwenye Blow Out ya 1981, hadithi ya fundi wa sauti aliyecheza John Travolta, yuko darajani usiku anarekodi sauti za porini, na mbele ya kamera bundi anakutazama, wote wawili wakiwa wazi kabisa. Kwa sisi watu wa pwani bundi peke yake anatosha kuleta uchuro, mzee akaongeza na kioo.

Vioo hivi vina namba. Lenzi ikiwa imewekwa kuona mbali kabisa, kioo cha +1 kinaona wazi kitu kilicho mita 1, cha +2 nusu mita. Lenzi ukiileta karibu, umbali huo nao unapungua. Utaratibu ni huu: funga kamera kwenye stendi, weka fokasi kwa mtu wa mbali bila kioo, ingiza kioo, kisha usiguse fokasi tena; msogeze mtu wa karibu mbele na nyuma mpaka kope zake zihesabike. Mwisho, zungusha kioo mpaka kingo yake iangukie kwenye nguzo, fremu ya mlango, pazia au kona ya giza.

Kinachoharibika: kamera ikitikisika kidogo tu, mchezo unajulikana. Mhusika akivuka mstari, kichwa chake kinayeyuka. Tundu la lenzi likiwa dogo sana, kingo inakuwa mstari mkali, likifunguliwa, inalainika. Na taa ikiwa nyuma ya kioo, inang'aa kwenye ule mkato.

Kwa kuwa kioo hicho hukipati dukani Kilwa, tumia njia ya pili. Stendi imara, piga mara mbili bila kuigusa kamera: mara ya kwanza fokasi karibu, ya pili fokasi mbali. Kwenye programu ya kuediti weka moja juu ya nyingine, kata nusu, lainisha kingo. Mwanga usibadilike kati ya picha hizo mbili, kwa hiyo epuka mawingu yanayokimbia. Lenzi nyingi hukuza picha kidogo fokasi inapobadilika, basi acha nafasi pembeni ya fremu urekebishe. Kwa simu usihangaike sana: kihisi chake ni kidogo, karibu kila kitu kinakuwa wazi tayari.

Nina saa 11 za mzee anayeongea. Nimekaa nazo mwezi, sijui pa kuanzia. De Palma alikuwa na filamu karibu 30, wakazimalizaje kwa chini ya saa mbili?
*Mhariri wa picha, Masasi*

Piga hesabu: dakika kama 110 kwa filamu karibu 30 ni wastani wa chini ya dakika nne kwa kila moja. Ila wastani unadanganya. Carrie na Scarface zinapewa nafasi, nyingine zinapita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Mpangilio ni wa miaka, wa kwanza hadi wa mwisho, na hilo linawaokoa: mtazamaji hapotei, hivyo wanaweza kuruka na kuchepuka watakavyo.

Zima kompyuta kwanza. Andika maneno yote kwenye karatasi, pamoja na namba ya faili na dakika. Saa moja ya mazungumzo itakula saa nne hadi sita za kuandika, na hakuna njia ya mkato inayojua Kiswahili cha mzee wa Newala anayechanganya na Kimakonde. Kisha kata karatasi kwa mkasi, kipande kwa kila wazo, uvipange sakafuni. Feni izimwe. Alama tatu tu: nyota kwa jambo ambalo ni yeye pekee anayeweza kulisema, duara kwa jambo lenye picha ya kulionyesha, msalaba kwa sifa na shukrani. Misalaba itoe yote. Nyota zenye duara ndizo uti wa mgongo, na ukizipata dakika 35 umeshapata filamu.

Ukirudi kwenye kompyuta, jenga kwa sauti tupu. Ifunge skrini kwa kitambaa, sikiliza dakika zote 35. Unapochoka, mtazamaji alishachoka dakika mbili nyuma. Ndipo uanze kufunika kwa vipande vya filamu, kwa kanuni moja: neno litangulie kidogo, picha ithibitishe. Mzee akisema "nikamwambia mpiga picha apande juu ya mwembe", picha ya kutoka mwembeni iingie baada ya neno "mwembe", isitangulie. Kisha nyamazisha maneno, acha kipande kiende sekunde 10 hadi 20 na sauti yake ya asili. Wahariri wengi wanaweka sauti ya mzee juu ya filamu muda wote, na matokeo yake filamu aliyoihangaikia miaka thelathini iliyopita inageuka pazia la nyuma.

Mahali ulipokata katikati ya sentensi bila picha ya kufunika, ikuze picha yake kwa asilimia 15 hadi 20 ili mkato uonekane wa makusudi, na lazia ule ukimya wa chumba chini. Kama hukuurekodi, tafuta mahali alipovuta pumzi kwa muda mrefu, nakili sekunde mbili, urudierudie.

Filamu za mzee wetu ziko kwenye kanda za VHS na DVD. Kuna mtu aliyezisambaza zamani. Tukitumia vipande vyake tutashtakiwa? Na kibali tunaanzia wapi?
*Kikundi cha sanaa, Lindi Mjini*

Kuwa mwongozaji si kuwa mwenye haki. Enzi za kanda na DVD wasambazaji wengi walinunua filamu moja kwa moja, na karatasi aliyosaini mzee huenda iliuza kila kitu. Itafuteni karatasi hiyo kabla ya kushika kamera. Isipopatikana, mwulizeni msambazaji kwa maandishi, mkitaja jina la filamu, urefu wa kila kipande kwa sekunde na mahali mtakapoonyesha.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inaruhusu nukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa, ilimradi iendane na desturi ya haki, isizidi kinachohitajika, na chanzo pamoja na mtunzi vitajwe. Kipande cha sekunde 15 ambacho mzee anakieleza hapohapo kinatetewa kwa urahisi. Dakika tatu za mapigano zilizowekwa kwa sababu zinapendeza hazina mtetezi. Muziki ni mzigo wa peke yake: filamu nyingi za video zilibandikwa nyimbo za watu bila ruhusa, na nyie mkizirudia, kosa ni lenu. Mashaka yapelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuonyesha. Kibali cha kutengeneza hutolewa na Bodi ya Filamu. Kwa huko kwenu anzieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, mkiwa na muhtasari wa hadithi na orodha ya maeneo.

Kanda zenyewe, kama zina unga mweupe, msizitie kwenye deki. Huo ni ukungu, utachafua kichwa cha deki na kuhamia kanda nyingine zote. Fundi azifungue na kuzisafisha kwanza. Kanda nzima ipelekeni mbele mpaka mwisho kisha irudisheni, mara moja, ndipo mnakili. Nakili kwa mwendo wa kawaida tu, kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90.

Ni kweli damu ya bafuni kwenye Psycho ilikuwa chokoleti? Na sisi tutumie nini?
*Msomaji, Ruangwa*

Kweli, ilikuwa sosi ya chokoleti. Filamu ile ya Hitchcock ya 1960 ni nyeusi na nyeupe, hivyo rangi haikuwa na kazi, uzito tu.

Kwa picha za rangi: chemsha kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji mpaka iwe nzito kama asali nyepesi, ipoe, tia kijiko kimoja cha chai cha rangi nyekundu ya chakula na robo kijiko cha kakao. Bila kakao itakuwa kama juisi. Jaribuni kwanza kwenye kitambaa kilekile atakachovaa mwigizaji, kwa sababu rangi hiyo haitoki. Pigeni haraka: maiti ikilala chini kwa nusu saa, sisimizi wa Ruangwa wataifikia kabla ya mpiga picha.